Kikapu cha Tatu

Jana jioni binti yangu alikuwa na kazi ya shule: atafute maneno matatu yanayoanza na "ta". Alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, penseli mdomoni. Akageuka chali, akatazama dari.

"Taa," akasema. Kisha akanigeukia. Nilikuwa nakunja nguo. "Mama! Taulo!"

Nikamwambia vizuri sana, nikaliweka lile taulo juu ya nguo nyingine, nikaenda kusimama jikoni peke yangu.

Nilikuwa nimemkumbuka mtoto mmoja niliyemfundisha zamani, yule niliyekuwa nikimpulizia mapovu ya sabuni kama zawadi. Jina lake sijawahi kulitaja na leo pia sitalitaja. Alikuwa na miaka 6, ana usonji, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano, na mimi nilikuwa katika mwaka wangu wa kwanza wa tiba ya tabia, yaani kufundisha ujuzi hatua kwa hatua kwa vidokezo na zawadi. Tulikuwa kwenye somo la makundi: vyombo, mavazi, vitu vya usafi. Mtu anaweza kuliona somo hilo dogo. Lakini mtazame kijiko na sahani. Havifanani kwa umbo, wala kwa jinsi vinavyoshikwa. Mwanasaikolojia Eleanor Rosch na wenzake walionyesha mwaka 1976 kwamba mtoto hujifunza kwanza majina ya kati, kama kiti, kabla ya jina pana kama samani, kwa sababu viti vyote vina sura moja kichwani, ila samani hazina sura. Chombo hakionekani. Kinachoonekana ni kijiko.

Mwanafunzi wangu huyu alijua majina ya vitu vyote. Ukimwonyesha sabuni, atakuambia sabuni. Ukimwambia nipe sabuni, atakupa. Ukimuuliza "Sabuni ni ya nini?" au "Taja vitu vya usafi" bila kitu chochote mbele yake, kimya. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alikwisha kulitenga jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu usemi: kutaja unachokiona ni tendo moja, kujibu maneno kwa maneno ni tendo jingine, na kulijua la kwanza si lazima kukupe la pili. Kwa hiyo tulifundisha kila kimoja peke yake, kadi kwa kadi.

Tulianza na kidokezo kamili. "Kijiko ni nini? Sema, chombo." Anarudia, napuliza mapovu. Yeye huyafukuza kwa kidole kimoja, moja baada ya jingine, bila kuruka hata moja. Baadaye kidokezo nikakipunguza. Badala ya neno zima nikampa mwanzo wake tu: "Kijiko ni nini? Cho..." Naye anamalizia. "Soksi ni nini? Va..." "Vazi." Ndivyo kidokezo kinavyofifishwa, na ndivyo nilivyofundishwa kukififisha. Wiki kadhaa zilipita namna hiyo. Naomba mkumbuke silabi hizo za mwanzo.

Alipofika majibu 9 kati ya 10, siku mbili mfululizo, msimamizi wangu akasema sasa tutoke kwenye kadi. Hilo nalo ni sahihi. Tangu makala ya watafiti Stokes na Baer ya mwaka 1977, watu wa kazi hii wanajua kwamba mtoto kufanya jambo mezani hakumaanishi atalifanya kwingine, na kwamba kuhamisha ujuzi hupangwa, hakusubiriwi. Basi nikakusanya vitu vyenyewe.

Vilikuwa tisa. Kijiko, kikombe, sahani. Kiatu, soksi, suruali. Kitana, sabuni, taulo. Nikavichanganya sakafuni, nikapanga vikapu vitatu mbele yake, nikachukua fomu na kalamu. Bibi yake alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango, kama kila siku, mkoba mapajani.

"Weka pamoja vinavyoendana," nikasema.

Hakusita. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Mtoto ambaye kila jibu alilivuta kama ndoo kutoka kisimani, siku hiyo mikono ilikwenda yenyewe. Alichukua kijiko, akakigeuza mara moja, akakiweka kikapu cha kwanza. Akachukua kikombe, kikapu hicho hicho. Moyo wangu ukaruka, nikaandika alama ya kujumlisha. Akachukua kiatu. Kikapu hicho hicho. Nikaandika alama ya kutoa. Akachukua kitana, akakiweka juu ya kiatu taratibu, meno yakitazama chini, kana kwamba kuna mtu anayelala mle ndani. Alama ya kutoa. Midomo yake ilikuwa inatikisika na sauti ndogo ilikuwa inatoka, lakini watoto wengi ninaofanya nao kazi hutoa sauti, na sikuinamisha sikio.

Kikapu cha pili: sahani. Soksi ndani ya sahani. Sabuni. Suruali akaikunja, akaishindilia juu. Kutoa, kutoa, kutoa.

Likabaki taulo na kikapu kitupu.

Alilishika taulo kwa mikono miwili kifuani. Akatazama kikapu cha kwanza, akatazama cha pili, akatikisa kichwa. Kisha akainua uso juu, akabaki anatazama darini kwa muda mrefu, akiliinua taulo kidogo kidogo, akinyoosha mikono. Nikamwita jina. Hakushuka. Nikamwita tena. Kwenye safu ya umakini nikaandika: hapana.

"Mwalimu," bibi yake akasema kutoka pale mlangoni, "mbona kama amepanga vizuri?"

"Tunatafuta vyombo, bibi," nikamjibu. "Kiatu si chombo."

"Haya, mwanangu." Akanyamaza. Sikumuuliza ameona nini. Alikuwa amemlea mtoto yule tangu anyonyeshwe, na mimi nilikuwa nimekaa naye miezi mitano.

Nikafanya nilichofunzwa kufanya jibu linapokosewa. Nikamwaga vikapu, nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake, tukapeleka kijiko, kikombe na sahani pamoja. Alikubali mkono wangu bila kushindana. Nilipopuliza mapovu mwishoni hakuyafukuza. Yalitua kwenye mkeka yakapasuka yenyewe.

Jioni ile nilikuwa naandika ripoti, nikisoma fomu kwa sauti ili nihesabu makosa. Kijiko, kikombe, kiatu, kitana. Nikasoma tena. Sahani, soksi, sabuni, suruali. Nikaweka kalamu chini.

Alikuwa amepanga kwa mwanzo wa neno. Na nani alimfundisha kwamba ufunguo uko mwanzoni mwa neno, kama si mimi, niliyemwambia "cho..." na "va..." wiki baada ya wiki na kumlipa kwa mapovu? Tena lugha yenyewe iko upande wake. Kijiko changu kimeanguka, kikombe changu kimeanguka, kiatu changu, kitana changu. Tangu azaliwe amesikia vitu hivyo vikitembea pamoja katika sentensi, vikiitikiana. Sijui kama alisikia ngeli au alisikia sauti tu. Najua kwamba alipewa vitu tisa na akavipa utaratibu ambao hakuna aliyemwonyesha, na hilo ndilo kupanga makundi. Somo lenyewe.

Nilimweleza msimamizi. Alinisikiliza kwa makini, tukabadilisha kidokezo: badala ya silabi, nikawa naonyesha kitu kinavyotumika, kijiko nakipeleka mdomoni, soksi naivuta mguuni. Baada ya muda alipanga vyombo na vyombo. Akaweza kutaja vitu vinne vya usafi bila kuona chochote, mwanzoni kwa mpangilio ule ule kama wimbo, kisha kwa mpangilio wowote. Nilifurahi kweli, na ningemfundisha tena leo. Mtoto anayejua kwamba sabuni na taulo ni vya usafi anaweza kuambiwa "chukua vitu vyako vya kuogea" na akaenda mwenyewe, bila kuongozwa kwa mkono. Sioni haya kwa kazi hiyo. Bibi yake nilimweleza pia, wiki iliyofuata. Alicheka akafunika mdomo, akasema, "Mimi nilimsikia anasema ki, ki, ki."

Fomu ile haikubadilishwa. Utaratibu unasema jibu huandikwa lilivyolingana na swali, na swali lilikuwa makundi yangu, si yake. Huenda ni haki. Nimelizungusha kichwani miaka yote hii na bado sijui ningeandika alama gani. Lakini angalau la vikapu viwili nilidhani nimelielewa lote.

Mpaka jana. Taulo halikuwa na mwenzake katika vile vitu tisa. Nilivichagua mimi, na sikumwekea kingine kinachoanza na "ta". Kikapu cha tatu kilikuwa kitupu na yeye alitaka kukijaza, akatafuta chumba kizima. Sasa najiuliza kama alikuwa ametoroka akilini kama nilivyoandika, au alikuwa amekipata alichokitafuta, kiko juu, hakifikiki, na ananionyesha kwa njia pekee aliyokuwa nayo. Siwezi kujua. Nilikuwa namtazama yeye na fomu. Sikufuata macho yake.

"Mama," binti yangu akaita kutoka sebuleni, "bado moja!"

Nikarudi, nikalala chali karibu naye sakafuni, tukatazama juu.