Kugonga kwa silinda ya tatu

Jumanne iliyopita saa kumi na mbili asubuhi niliwasha pikapu, nikasikia sauti ngeni. Njombe mwezi huu wa saba baridi ni kali, na mashine ya dizeli ikiwa ya baridi lazima ipige kelele. Kakaka yake ya asubuhi naijua kama kikohozi cha mtu wa nyumbani. Lakini safari hii ndani ya kakaka hiyo kulikuwa na ko, ko, ko kavu, kama nyundo ndogo inagonga sufuria tupu, na nyuma moshi mweupe. Mke wangu alitoka jikoni mikono ina unga, akauliza gari lina nini. Nikazima.

Gari hili ndilo linalobeba viazi vyetu kwenda sokoni Makambako, na humo ndimo inamotoka ada ya watoto. Neno lililonijia ni lile tunaloliogopa wote wenye magari: imenoki, yaani mashine imeharibika ndani na inagonga.

Fundi wa kwanza alisikiliza kama dakika moja, akasema beringi za konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na shafti, zimekwisha, tushushe mashine tufanye ovahoo, yaani tuifungue yote na kuisuka upya. Sikumbishia, ila iliniuma. Mashine ikishafunguliwa, gasketi, ringi, beringi, kila kitu kinadai kipya. Kutoa hukumu nzito kiasi hicho bila hata kuchomoa kijiti cha oili si haki kwa mwenye gari, na bado naona hivyo.

Nikampigia mzee mmoja wa mjini aliyezeekea kwenye pampu na nozo, vile vipulizio vya dizeli ndani ya silinda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Inagonga zaidi ikiwa ya baridi, au ikishapata moto?"

Nikamwambia ya baridi. Ikipata moto inapungua.

"Usiiendeshe, ivute. Ilete jioni ilale hapa. Alfajiri nataka kuiwasha mwenyewe."

Swali lile lilikuwa na uzito kuliko nilivyodhani. Beringi iliyolika kwa kawaida huzidi kugonga mashine ikipata moto, maana oili inakuwa nyepesi na haijazi tena ile nafasi. Nozo mbovu mara nyingi husumbua zaidi kwenye baridi. Dizeli haiwashwi kwa cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa na moto wa kutosha kuwasha dizeli inayopulizwa humo. Dizeli ikiingia kwa matone badala ya ukungu, inachelewa kushika, halafu inalipuka yote kwa mkupuo. Hicho ndicho kishindo.

Alfajiri alianza kwa kufungua mikanda, akawasha kwa sekunde chache tu. Kugonga kukabaki, basi alteneta na pampu ya maji hazimo. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwenye kitambaa cheupe, akakisogeza kwenye taa. Hakuna chembe ya chuma. Ndipo akachukua spana namba 17, na mashine ikiunguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta akawa analegeza nati za mabomba ya nozo, moja baada ya nyingine, ili kila silinda ikose dizeli kwa zamu. Ya kwanza: mashine ikatetemeka, ko ko ikaendelea. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, kimya. (Hii ni kwa mashine zenye pampu ya zamani. Kwenye komoni reli, mashine za kisasa zenye bomba moja la presha kubwa linalolisha nozo zote, msijaribu kabisa. Presha ya bomba hupita baa 1,000 na dizeli inaweza kutoboa ngozi.)

Nilishaanza kushangilia. Akasema, "Bado." Silinda ikikosa moto, beringi yake nayo inapoa kelele kwa sababu haina mzigo. Kwa hiyo akang'oa nozo ya tatu akaipeleka ya kwanza, na ya kwanza akaileta ya tatu, akaweka washa mpya za kopa, akawasha. Kugonga kulikuwepo. Akalegeza nati ya kwanza, kukakatika.

"Umeona? Sauti imehama na nozo. Beringi haihami."

Nilisimama pale nikasikia mabega yananishuka.

Kwenye mashine ya kupimia, nozo tatu zilitoa ukungu mzuri. Ile moja ilikuwa inakojoa, tone juu ya tone. Kisha akafungua kiskrubu cha chini ya chujio la dizeli, akakinga kwa chupa ya plastiki, akanipa niishike. Ilipotulia niliona mstari: juu dizeli ya rangi ya chai nyepesi, chini maji, vidole viwili, na punje za kutu. Mwezi wa tano nilijaza dizeli ya madumu mara tatu, na tangu nilinunue gari hili sikuwahi kugusa kiskrubu kile.

Nimebadilisha nozo moja na chujio, na tangi tumeliosha.

Leo saa kumi na mbili nimewasha. Kakaka ile ile. Mke wangu alitokeza mlangoni na kikombe cha chai, akasikiliza kidogo, akarudi ndani.