Tulivyojaza fomu kimya kimya kwa mama ntilie mpaka bosi akakubali kukaa mezani

Mi nafanya kazi kiwanda cha plastiki maeneo ya Vingunguti hapa Dar, tunatengeneza ndoo na mabeseni, jina la kiwanda sitaji maana bado nakula hapohapo. Watu wengi wanasema vyama vya wafanyakazi kazi yao kukata mishahara tu na kugawa tisheti za Mei Mosi, na mimi nilikuwa naimba wimbo huohuo, nisije nikajifanya mjanja.

Shida ilikuwa ovataimu. Mkataba unasema saa 45 kwa wiki, ila shifti tunaingia saa 1 asubuhi tunatoka saa 1 usiku, toa saa moja ya kula zinabaki 11, mara siku tano hizo ni saa 55, Jumamosi sijaigusa bado. Kwa zile saa za ziada tulikuwa tunapewa buku jero (1,500) kwa siku wanaita "ya nauli", na watu wanashukuru kabisa.

Kuna mzee jirani yangu alifanya kazi kiwanda cha nguo enzi za JUWATA, ile jumuiya ya wafanyakazi ya zamani, siku moja namlalamikia akaniambia mwanangu lete salari slipu na kalamu. Mshahara 200,000 gawa kwa 195, hizo ndo saa za mwezi, unapata kama 1,025 kwa saa, sheria inasema ovataimu ni mara moja na nusu, yaani 1,538. Saa 10 kwa wiki ni 15,380, sisi tunapewa 7,500. Kwa mwezi inapotea karibu 31,500, na mi chumba nalipa 35,000. Usiku ule sikulala vizuri aisee.

Nilipowaambia wenzangu vijana wa mashine wakasema tugome kesho asubuhi. Hapo nikakataa kabisa, maana kiwanda nilichokuwa kabla ya hapa tuligoma asubuhi na jioni tukakuta barua getini, watu 19 nje, na hatukuwa na pa kulilia sababu mgomo wenyewe haukufuata sheria. Mgomo una njia yake, mgogoro upite kwanza kwenye usuluhishi CMA, ile tume ya serikali ya migogoro ya kazi, watu wapige kura, halafu mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Ukizima mashine kwa hasira umempa bosi sababu ya kukufukuza kwa mkono wako mwenyewe.

Nikaenda TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, nikaelezwa vizuri tu. Kwanza kila anayejiunga anajaza fomu ya TUF 6 ya kukatwa ada, chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi ndo mwajiri analazimika kukitambua kama msemaji wa wote. Tulikuwa waajiriwa 140, kwa hiyo nahitaji 71. Mzee alikuwa ameshaniambia, usianze na maneno anza na kuhesabu vichwa.

Tulijazia kwa mama ntilie nyuma ya ukuta wa kiwanda, saa ya kula, watatu watatu ili supavaiza asishtuke. Fomu naweka ndani ya ovaroli kwenye mfuko wa plastiki, zingine zilirudi na mchuzi wa maharage, moja ya dada wa pakingi ina alama ya chapati mpaka leo ipo ofisini. Mama mwenyewe akawa mlinzi wetu, akimuona mtu wa ofisi anakuja anapiga kelele "chai imekwisha!" tunakunja kila kitu. Waoga walikuwa wengi na sikuwalaumu, mtu ana watoto watatu unamwambia asaini karatasi ambayo itaenda moja kwa moja mezani kwa HR. Nilichokuwa nawaambia ni kimoja tu, haziendi mpaka zifike 71, hakuna atakayepelekwa peke yake.

Wiki ya sita zikafika 83. Chama kikapeleka taarifa, mwajiri ana siku 30 za kukutana nao. Hapo ndo sarakasi zikaanza, nikahamishwa kutoka mashine kwenda kusaga mabaki, vumbi tupu, HR akaniita "kaka wewe una future hapa, nani anakutuma?" Nikamjibu natumwa na salari slipu.

Kwenye kikao cha kwanza bosi akaja na hesabu yake, eti kiwandani kuna watu 210, kwa hiyo 83 sio nusu. Alikuwa amewajumlisha vibarua 70 walioletwa na wakala, ambao kila siku anatuambia sio watu wake! Dada aliyetumwa na chama kutusemea hakupandisha hata sauti, akasema sawa bosi, kama ni wafanyakazi wako tuoneshe mikataba yao na michango yao ya NSSF tuwaongeze kwenye orodha leo leo, kama ni wa wakala basi wanatoka kwenye hesabu. Feni ilikuwa inasikika. Akaomba mapumziko ya dakika kumi, aliporudi tukaendelea na 140.

Mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na mazingira ya kazi, ulichukua miezi minne mingine. Hatukupata kila kitu, tuliomba nyongeza ya 50,000 tukaambulia 15,000, na usafiri wa basi usiku walikataa kabisa. Ila ovataimu inalipwa kwa sheria, glavu zinatoka kila mwezi badala ya kuazimana, na mtu akiitwa kikao cha nidhamu anaingia na mwakilishi wa tawi. Hilo la mwisho watu hawalipi uzito ila mi naona ndo kubwa kuliko hela, kuna kijana wa stoo aliandikiwa wizi wa beseni 40, mwakilishi akaomba tu daftari la getini, ikaonekana siku hiyo dogo alikuwa off. Zamani angekuwa nyumbani ndani ya nusu saa.

Ada ni asilimia 2, kwangu 4,300 kwa mshahara wa sasa. Inauma kidogo, sidanganyi. Kuna jamaa aliyekataa kusaini siku zote zile alikuja na slipu yake ananguruma kwa nini amekatwa ada ya uwakala (ile anayokatwa asiye mwanachama maana chama kinamsemea na yeye) wakati hakujiunga, nikamuuliza na huo mstari wa ovataimu hapo juu umeuona? Akasema huo ameuona, huo hauna shida.

Sasa hivi kinachoninyima raha ni wale 70 wa wakala, tunasimama nao mashine moja halafu wao bado wanapewa buku jero. Mama ntilie ameshaniuliza mara mbili lini tunaanza tena, nimemwambia Jumatatu, aongeze benchi.