Stata ya Toyota inapogonga "tak" moja na injini haizunguki

Ukigeuza ufunguo ukasikia "tak" moja nzito, taa za dashibodi hazififii na injini haisogei, usikimbilie kununua stata nyingine (mota inayozungusha injini ili iwake). Kwenye stata za Denso, ambazo zimo katika Toyota nyingi, ugonjwa huo mara nyingi ni kontakti mbili za shaba zilizolika ndani ya solenoidi, yaani swichi ya sumaku-umeme iliyo kwenye stata. Hizo huuzwa peke yake.

Sauti nyingine zina maana nyingine. "Ta-ta-ta-ta" ya harakaharaka huku taa zikififia ni betri iliyoisha, au terminali zilizolegea au kuota ukungu. Kukiwa kimya kabisa, angalia fyuzi, relei na swichi ya ufunguo. Kwa gari la automatiki jaribu kuwasha likiwa kwenye N badala ya P, maana swichi ya gia nayo huchoka. Stata ikivuma bila kuzungusha injini, bendiksi, yaani gia ndogo ya stata inayoshika injini, inateleza.

Pima kabla ya kufungua chochote. Weka gia huru, vuta hendibreki, zuia matairi. Betri iliyopumzika isome volti 12.4 hadi 12.6. Mtu apige stata wewe ukitazama mita. Ikishuka chini ya 9.6, anza na betri. Ikibaki karibu na 12 wakati "tak" inasikika, mota ya stata haivuti umeme, na hapo ndipo kipimo kinachofuata kinakata shauri.

Nyuma ya solenoidi kuna bolti mbili kubwa: moja inapokea waya mnene wa betri, nyingine inapeleka umeme kwenye mota. Gusa mita kwenye hiyo ya mota na bodi ya stata, kisha ufunguo ugeuzwe. Ukisoma sifuri huku solenoidi inagonga, kontakti zimekufa. Ukisoma karibu volti 12 na mota haizunguki, shida iko ndani ya mota, na kwa kawaida ni kaboni (brashi zinazoingiza umeme kwenye sehemu inayozunguka) zilizoisha. Hapo ndipo watu hugonga stata kwa nyundo ikawaka siku mbili tatu. Usiizoee njia hiyo: stata zenye sumaku za kudumu hupasuka sumaku kwa kugongwa.

Kabla ya kuishusha, toa terminali hasi ya betri. Waya wa stata una umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni, na spana ikigusa bodi itayeyuka ncha kabla hujaivuta. Stata ikiwa mezani, fungua bolti tatu ndogo za kifuniko cha solenoidi, mara nyingi za namba 8. Plenja, kile chuma kinachovutwa na solenoidi, itatoka na springi yake. Angalia sahani ya shaba kwenye ncha ya plenja: ikiwa na mashimo, ibadilishe nayo, la sivyo itakula kontakti mpya mapema. Kontakti ya upande wa betri ndiyo hulika zaidi. Badilisha zote mbili hata moja ikionekana nzima, kwa sababu sahani lazima iziguse kwa pamoja. Zikipishana kimo, moja itabeba cheche zote. Kaza nati huku ukiishikilia kontakti isizunguke, wala usikaze kupita kiasi, plastiki ya kuzuia umeme hupasuka.

Ukitenganisha solenoidi na upande wa gia, chunga gololi ndogo ya chuma. Bila hiyo bendiksi haisukumwi mbele. Komuteta, ile sehemu ya shaba inayosuguliwa na kaboni, isafishwe kwa msasa laini, si ule mweusi wa chuma, kwani chembe zake hupitisha umeme na kubaki kwenye mifereji.

Ijaribu ikiwa imebanwa kwenye jiriwa, maana huruka ikizunguka. Hasi ya betri kwenye bodi, chanya kwenye bolti ya betri, kisha waya mfupi kutoka hapo hadi kwenye pini ndogo ya solenoidi, kwa sekunde 3 hadi 5 tu. Bendiksi iruke nje kwanza, kisha mota izunguke papo hapo.

Uso wa stata unapokaa kwenye injini usugue hadi chuma king'ae, kwani hapo ndipo arthi inapopita. Ukishairudisha stata garini, pima tena kati ya bolti zile mbili wakati mtu anapiga stata: kontakti nzuri hazipotezi hata nusu volti.