Yai lisilo na ganda: kumbukumbu ya mradi wangu wa osmosisi

Siku ya 1 na 2. Mayai mabichi mawili, A na B, ndani ya siki. Mapovu yalianza papo hapo, siki ikila kalisi kabonati ya ganda na kutoa kaboni dioksidi. Baada ya saa 48 niliyasugua polepole chini ya bomba. Yalibaki laini, yakitikisika ndani ya utando wa chini ya ganda.

Siku ya 3. Yai A lilikuwa gramu 59 na ganda lake. Sasa, ganda limekwisha, mizani inasoma 81! Nilipima mara tatu, nikailaumu betri. Kumbe siki yenyewe sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo osmosisi, yaani maji kupenya utando kuelekea upande wenye mchanganyiko mzito zaidi, ilishaanza kabla mimi sijaanza. Kipimo changu cha kwanza nimekifuta. A naanza na 81, B na 79.

Siku ya 4. A liliingia kwenye maji matupu, B kwenye shira. Baada ya saa 24, A ni 88. B ni 52, limenywea na kujaa makunyanzi, na juu ya shira limetanda tabaka jepesi la majimaji. Hayo ndiyo maji yaliyolikimbia yai. Molekuli za maji huvuka utando kwenda na kurudi muda wote, ila zinazoelekea kwenye mchanganyiko mzito huzidi zinazorudi.

Siku ya 5. B nimelihamishia majini. Limerudi hadi 86.

Kasoro ya mradi naijua: utando huu wa chini ya ganda si utando wa seli. Wa seli ni tabaka mbili za mafuta, na maji hupenya mafuta kwa shida. Ndiyo maana seli nyingi zina akwaporini, protini zenye tundu jembamba ambamo maji hupita molekuli moja moja, huku hata ioni za hidrojeni zikizuiwa. Mwaka 1992 kundi la mwanasayansi Mmarekani Peter Agre liliyapa mayai ya chura maelekezo ya kutengeneza protini hiyo, likayatia kwenye maji yenye chumvi kidogo. Yalivimba na kupasuka kwa dakika chache. Yasiyopewa yalibaki karibu vilevile. Agre alipata Nobeli ya kemia mwaka 2003. Yai langu A lilichukua siku nzima kuongeza gramu saba.

Kesho ni zamu ya maji ya chumvi, vikombe vitatu vya ukali tofauti. Na nitayapangusa mayai kabla ya kupima. Nashuku gramu moja au mbili za leo ni matone tu.