Wiki sita bila ugali

Binti yangu alipofikisha miaka 12 alikuwa na kimo cha mtoto wa miaka tisa, na kwa muda wa mwaka mzima hapa Ujiji tulikuwa tumelitibu tumbo lake kwa kila jina tulilopewa: minyoo, amiba, taifodi, kisha minyoo tena. Katika duka moja la dawa tulipatiwa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza uvimbe mwilini, bila cheti cha daktari. Ndani ya wiki mbili maumivu yalipungua, akaanza kula kwa pupa, na uso wake ukajaa hadi macho yakawa madogo. Majirani walinipongeza. "Mama Zawadi, mtoto sasa amenawiri, mashallah," waliniambia sokoni, nami niliitikia kwa furaha, kwa kuwa sikujua kwamba uso wa mviringo wa namna ile ni dalili ya steroidi zinazotumika kwa dozi kubwa na wala si dalili ya afya.

Mwezi wa pili vidonge vilipoisha hatukununua vingine, na haikuchukua siku nyingi mtoto akashindwa kuinuka kitandani. Baadaye nilielezwa kwamba mwili unaopewa steroidi kwa wiki kadhaa hulegeza utengenezaji wa homoni yake wenyewe kwenye tezi zilizo juu ya figo, na ndiyo maana dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo, haikatizwi ghafla. Jambo lililonitisha zaidi lilikuwa la kifua kikuu. Kifua kikuu cha utumbo hushambulia mara nyingi palepale unapopenda kushambulia Crohn, ugonjwa wa kudumu unaouvimbisha utumbo na kuutia vidonda, yaani mwisho wa utumbo mwembamba, na hata vidonda vyake hufanana. Steroidi peke yake, kwa mtu mwenye kifua kikuu, huufungulia ugonjwa mlango. Kwa hiyo tulipofika Dar es Salaam, baada ya safari ndefu ya treni, kipimo cha kamera na vinyama vilivyochukuliwa utumboni vilikuwa pia vya kuhakikisha kwamba hatuna kifua kikuu. Hatukuwa nacho. Tulikuwa na Crohn, ugonjwa unaobeba jina la daktari wa New York aliyeueleza mwaka 1932 pamoja na wenzake wawili.

Daktari alituwekea njia mbili mezani: kurudi kwenye prednisoloni, safari hii kwa dozi iliyopimwa kwa uzito na kupunguzwa kwa utaratibu, au lishe ya kimiminika peke yake, yaani unga maalumu wa kopo wenye virutubisho vyote unaokorogwa kwa maji, kwa wiki sita hadi nane, pasipo chakula kingine chochote. Nilidhani njia ya pili ni ya kumpa nguvu tu wakati tukisubiri dawa. Alinisahihisha: lishe hiyo ndiyo dawa, na miongozo ya Ulaya ya mwaka 2014 inaiweka mbele ya steroidi kwa watoto. Alinieleza utafiti mdogo wa Italia uliochapishwa mwaka 2006, wenye watoto 37 waliofuatiliwa kwa wiki kumi. Dalili zilitulia kwa watoto 15 kati ya 19 waliokunywa lishe, na 12 kati ya 18 waliotumia steroidi. Hapo tofauti si kubwa. Lakini kamera ilipoingizwa tena, vidonda vilikuwa vimepona kwa watoto 14 wa lishe dhidi ya sita wa steroidi. Hilo ndilo lililoniamua. Steroidi zinaweza kunyamazisha tumbo huku vidonda vikibaki, na tena huzuia mifupa kurefuka, ilhali binti yangu alikuwa tayari anadaiwa sentimita nyingi. Kwa watu wazima hesabu ni nyingine, steroidi hutuliza ugonjwa kuliko lishe, na nadhani sababu mojawapo ni kwamba mtu mzima hana mama wa kumsimamia kila kikombe.

Maana kusimamia ndiko kazi yenyewe. Lita mbili hivi kwa siku, unga ukipimwa kwa kijiko cha ndani ya kopo, maji yaliyochemshwa na kupoa, vikombe vinane kuanzia alfajiri. Siku ya tatu alitapika, tukapunguza mwendo, tukamzibia kikombe na kumpa mrija ili asisikie harufu. Kama angeshindwa kabisa, mrija mwembamba ungepitishwa puani. Ila ladha haikuwa adui mkubwa kama sinia. Nyumbani kwetu watoto sita hula pamoja, ugali wa muhogo katikati na dagaa pembeni, na mtoto anayekaa kando na kikombe huonekana ameadhibiwa. Bibi yake hakuweza kuvumilia. "Mwanangu, mtoto hashibi maji," aliniambia, na jioni ya siku ya tisa nilimkuta akimmegea samaki aina ya mgebuka nyuma ya jiko. Sikugombana naye; nilimpa kazi ya kukoroga vikombe vya jioni, na tangu hapo akawa mkali kuliko mimi.

Gharama siwezi kuificha. Makopo hayakuwepo Kigoma, yalitujia kwa basi kutoka Dar, na kwa bei ya kopo moja ningenunua prednisoloni za miezi. Simlaumu mzazi anayechagua vidonge vilivyoandikwa na daktari na kufuatiliwa. Ninalolalamikia ni kwamba wengi hawaambiwi kuna njia ya pili.

Wiki ya sita kuhara kulikwisha na uzito ukaongezeka kilo tatu. Chakula kilirudishwa polepole: wali mweupe kwanza, kisha samaki asiye na miba, ugali baadaye. Sasa anameza azathioprini, dawa ya kupunguza ukali wa kinga ya mwili, kila siku ili ugonjwa usirudi, kwa kuwa lishe hutuliza lakini haiung'oi, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Bibi ameweka makopo mawili juu ya kabati, hayajafunguliwa, na haruhusu mtu ayaguse.