Usaha wa titi usitupwe siku ya pili

Mimi ni mtu wa maabara hapa Busia, upande wa Uganda. Siku nyingi nashinda na malaria, mkojo na sukari, na hayo hayanisumbui. Linalonikera ni titi la mwanamke lililotumbuliwa jipu, likakauka kidogo, likafura tena pembeni, likatumbuliwa tena, huku kila kliniki ikimwongezea amoksilini na kumwambia avumilie.

Mwaka jana alikuja jirani yangu, muuza mukene, yaani dagaa, sokoni. Mtoto wake alikuwa ameshaacha kunyonya zamani, kwa hiyo habari ya maziwa kuganda haikuniingia akilini. Titi la kushoto lilikuwa na uvimbe mkubwa, mgumu, chuchu imevutwa ndani, na matundu mawili kwenye ngozi yakitoa usaha wa manjano wenye damu. Alikuwa amekunja kipande cha leso ndani ya sidiria. Akacheka, akasema afadhali anauza samaki, hakuna anayesikia harufu ile nyingine. Nyumbani walikuwa wamegawanyika: mama mkwe anasema karogwa, mume anasema saratani.

"Musawo," akaniuliza, kama wanavyotuita watu wa afya huku, "nikapasuliwe tena?"

Nikamwambia angoje kwanza tuone huo usaha una nini.

Jipu la kawaida la mama anayenyonyesha mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye stafilokokasi. Hiyo huota usiku mmoja, asubuhi unaiona bila kukodoa macho. Usaha wake niliupanda kwenye sahani ya kuoteshea bakteria; kesho yake haukuotesha kitu. Siku ya pili, vilevile. Hapo ndipo wengi huandika "hakuna kilichoota" na sahani ikaenda kuchomwa. Hii niliiacha. Siku ya tatu vikajitokeza vidoa vidogo kama unga uliomwagika, na kwenye darubini, baada ya rangi, nikaona vijiti vifupi vya zambarau.

Vijiti vya jamii hiyo viko kwenye ngozi ya kila mtu, ndiyo maana hudharauliwa na kuitwa uchafu wa ngozi. Lakini yuko mmoja wao, Corynebacterium kroppenstedtii, aliyepewa jina mwaka 1998. Mwaka 2002 watafiti wa New Zealand walimhusisha na mastaitisi ya granuloma, ugonjwa wa titi usiotaka kupona. Huyu anapenda mafuta. Kwenye sahani ya kawaida ananyong'onyea, huota polepole mno. Ndani ya titi mafuta yamejaa tele. Hukaa kwenye vitone vya mafuta, chembe za kinga zinamzingira, vinajengeka vinundu, na uvimbe unaendelea miezi, hata mwaka na zaidi.

Jina hilo sikuliandika kwenye fomu, maana vifaa vya kulithibitisha sina. Niliandika nilichokiona, nikampigia simu daktari wa upasuaji. Yeye akatoa kipande cha nyama kwa sindano nene, kikapelekwa Kampala. Hofu ilikuwa mbili. Saratani huweza kuvuta chuchu ndani vilevile, na kifua kikuu, ambacho kwetu si kigeni, hujenga vinundu vinavyofanana na hivi. Majibu: granuloma, yaani vile vinundu, zipo, saratani haipo, na kipimo cha GeneXpert hakikuona kifua kikuu.

Akaanzishiwa doksisaiklini, ambayo hupenya kwenye mafuta vizuri kuliko amoksilini. Wagonjwa wengine hupewa prednisoloni au methotreksati, dawa za kupunguza nguvu ya kinga ya mwili, kwa sababu madaktari bado wanabishana: ni bakteria, au ni kinga ya mwili inayojigeuzia yenyewe? Wapo ambao usaha wao hauotishi kitu hata ukingoja. Mimi si daktari, ila prednisoloni kabla ya kupima kifua kikuu, katika nchi hii, siikubali hata kidogo, na nimeshabishana na watu kwa hilo.

Hakupasuliwa tena. Matundu yalichukua miezi kufunga, tena moja lilifunguka katikati ya dawa, akanijia usiku analia. Leo ana makovu na titi dogo kuliko jingine, na mama mkwe anadai kilichomponya ni dawa zake za majani.

Siku hizi kila usaha wa titi unaoingia kwangu naandika kwenye sahani, kwa kalamu nyekundu, tarehe ya kuitupa: siku ya tano. Mwenzangu wa zamu ya usiku ananung'unika kwamba inkubeta, kabati la joto la kuoteshea, imejaa. Nimemwambia aanze kutoa sahani za mkojo.