Kostiki soda na unyevu wa Tanga: ninavyoitunza maabara bila kuumiza mtu

Mimi ni fundi sanifu maabara kwenye sekondari moja hapa Tanga mjini, na kitu nilichokiona miaka yote ni kwamba watu wanaogopa asidi tu. Mtoto wa kidato cha kwanza hajawahi hata kuiona lakini ukimtajia asidi anarudi nyuma, ila kostiki soda wanaichezea. Nazungumzia sodiamu haidroksaidi, ile ya vipunje vyeupe. Haina harufu, haitoi moshi, ukiikuta kwenye sahani unaweza kudhani pipi za mnanaa, halafu mtaani wengi washaiona kwa wamama wanaotengeneza sabuni kwa hiyo wanaichukulia kama kitu cha jikoni. Mimi kwa upande wa macho naiogopa kuliko asidi, na sababu nitaisema huko mbele.

Kwanza hali ya hewa, maana huku pwani ndio inayotutesa. Kostiki inavuta maji kutoka hewani. Ukiacha kopo wazi wakati wa masika, au zile mvua za vuli ambazo ndio kipindi tunaandaa praktiko ya mtihani wa kidato cha nne, vipunje vinaanza kung'aa, vinanata, ukigeuka kidogo unakuta kimaji kizito kimetuama chini yake. Kile kimaji ndio hatari yenyewe kwa sababu hakimtishi mtu. Mwanafunzi akikiona mezani anajua ni maji tu kayamwaga mwenzake, anafuta kwa kiganja au anaegemeza kiwiko. Ndio maana kwenye maabara yangu tone lolote lililo karibu na mizani tunalihesabu ni kostiki mpaka karatasi ya litmasi (ile inayobadilika rangi ikigusa asidi au kostiki) ikatae, na wanafunzi washazoea wanachekeana "usiguse hilo, halijapimwa".

Kopo la kilo likifika huwa silifungui fungui kila wiki. Nalifungua mara moja, asubuhi ambayo hakuna mvua, nagawa kwenye vichupa vidogo vya plastiki ngumu vyenye vizibo vya kuzungusha, nafunga, nabandika lebo na tarehe, halafu kinatumika kichupa kimoja mpaka kiishe. Kwa nini plastiki, kwa sababu kostiki inakula kioo taratibu, na pia ikikutana na kaboni dayoksaidi ya hewani inageuka kuwa sodiamu kaboneti, ndio ule ukoko mweupe mnaouona mdomoni mwa chupa, sasa chupa ikiwa na kizibo cha kioo vinashikana kabisa na mtu akianza kulazimisha chupa inapasukia mkononi. Mambo ni yale yale kwa bureti, ile mirija mirefu ya kudondoshea myeyusho, zenye koki ya kioo, ukimaliza taitresheni (kupima ukali wa myeyusho mmoja kwa kudondoshea mwingine) usipoisuuza siku hiyo hiyo ukalegeza na koki, muhula ujao hiyo bureti huna.

Stoo kostiki naiweka shelfu ya chini, chini ya usawa wa macho, ili kopo likianguka lisitoke juu likammwagikia mtu usoni. Asidi zina upande wake. Amoniamu kloraidi nayo naitenga, maana ikikutana na kostiki penye unyevu inatoa gesi ya amonia na stoo yenyewe dirisha ni dogo. Na chombo cha alumini ni marufuku, iwe sufuria iwe kijiko, kostiki inaila alumini na inatoa haidrojeni ambayo inawaka. Ndoo za bati vilevile, kwa ajili ya ile zinki iliyopakwa juu.

Kwenye kupima. Ukitaka lita moja ya myeyusho wa mola 0.1 (mola ni kipimo cha wanakemia cha kiasi cha kitu) unahitaji gramu 4, kwa sababu mola moja ya kostiki ni gramu 40, hesabu hiyo kila mtu anaijua. Ila kwa unyevu wa hapa hizo gramu 4 sehemu yake ni maji na kaboneti, namba ya kwenye mizani inakudanganya. Mimi napima haraka haraka, nazidisha kidogo, halafu nautafuta ukali halisi kwa kuutaitreti na asidi oksaliki, kiashiria fenolfthalini, ambayo rangi yake ndiyo inayoonyesha asidi na kostiki zimemalizana. Usikae kwenye mizani dakika nzima unahangaika kutoa kipunje kimoja ili namba ikae sawa, unaipa kostiki muda wa kuloa na unajipa muda wa kuishika. Asidi oksaliki nayo ni sumu kwa hiyo kunyonya pipeti (mrija wa kupimia myeyusho) kwa mdomo hakuna, tunatumia bulbu za mpira, na zikiwa chache tunapokezana. Najua wapo walimu wa zamani wanaosema wao wamenyonya miaka 30 na wako hai. Sawa, shikamoo zao, ila sio kwenye maabara yangu.

Kuyeyusha ndio pana joto. Maji yanatangulia, kostiki inafuata, kidogo kidogo huku unakoroga. Ukigeuza, ukamwagia maji kidogo juu ya rundo la kostiki, yanachemka pale pale na kurukia usoni. Kwa myeyusho mwepesi huwezi hata kuhisi joto lakini ukitengeneza mkali, tuseme gramu 200 kwa lita, joto linapanda nyuzi 50 hivi. Sasa fikiria maji yametoka kwenye tenki la juu ya paa saa saba mchana, yalikuwa na nyuzi 30 na kitu kabla hujaanza, ukijumlisha umepita 80! Kwa hiyo huo mkali naufanya asubuhi mapema, bika, ile gilasi ya kuyeyushia, naiweka ndani ya beseni la maji baridi, na sifungi chupa mpaka ipoe. Miwani ya kuziba pembeni, glavu za mpira nzito sio zile laini za hospitali, koti, na viatu vya kufunika vidole. Malapa hayaingii, hata ukiwa mwalimu mkuu.

Hapo hapo niseme kuhusu maji yenyewe. Maji ya kuchuja kwa mvuke yakituishia tunatumia maji ya betri ya kwenye maduka ya spea, ila angalia bwana, muuzaji ukimwambia tu "nipe ya betri" anaweza kukupa asidi ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki, na vichupa vinafanana. Nikifika nayo naipima kwa litmasi kabla haijaingia maabara. Kostiki kwenye asidi kali, hapo utajionea mwenyewe.

Sasa macho. Asidi nyingi zikigusa jicho zinagandisha protini za juu, na ule mgando unaizuia kidogo isizame. Kostiki haina breki hiyo, inageuza mafuta ya kwenye seli kuwa sabuni na kuendelea kuzama ndani, tena maumivu ya mwanzo yanaweza yasiwe makubwa kulingana na madhara. Ule utelezi unaousikia ukigusa kostiki na vidole ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe yanageuka sabuni. Dawa yake ni maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, kope zimefunguliwa kwa vidole, lensi za kuvaa machoni zitolewe kama zipo, halafu hospitali hata kama mtu anasema ameshapona. Siki, ndimu, maziwa, visije karibu na jicho wala ngozi, ukiweka asidi juu ya kostiki unaongeza joto kwenye kidonda. Na akimeza mtu, asitapishwe, kwa sababu itamuunguza mara ya pili ikirudi juu, asukutue mdomo apelekwe hospitali mbio.

Lakini dakika 20 za maji unazitoa wapi wakati maji yanakatika? Hapo ndipo niliposumbuka kidogo. Chombo cha kuoshea macho cha dukani bajeti ya shule haikigusi. Nikakumbuka zile ndoo za koki za kunawia za enzi ya korona, zilikuwa zimerundikwa nyuma ya bwalo. Nilizisugua, nikazipandisha juu ya stuli karibu na mlango, nikaunga kipande cha mpira laini kwenye koki ili maji yatoke taratibu yasimchome mtu jicho. Ndoo moja ya lita 20 haimalizi dakika 20 za maji ya maana kwa hiyo zinakaa tatu, na maji yanabadilishwa kila Jumatatu, zamu ya wanafunzi. Kuna binti mmoja aliwahi kurukiwa na tone karibu na jicho, miwani ilizuia mengi, tukamweka kwenye koki hapo hapo wenzake wanampigia hadithi asichoke kuinama. Zahanati wakamwangalia, yuko salama.

Ikimwagika kavu, inazolewa kwa kipande cha plastiki kwanza, tambara bichi ni mwiko. Mabaki ya taitresheni tunayachanganya, yale ya asidi nyepesi na yale ya kostiki nyepesi, taratibu, litmasi ikitulia ndio yanaingia sinki na maji mengi.

Yote haya nimeyapeleka hadi Makorora, hapa hapa Tanga, kwa shangazi yangu anayetengeneza sabuni za kipande kwa mafuta ya nazi. Yeye kostiki alikuwa ananunua ya kupimiwa kwenye mfuko wa rambo, na myeyusho anauweka kwenye chupa tupu za maji ya kunywa, chini ya kitanda, na nyumba ina wajukuu. Myeyusho wenyewe ni kama maji, hauna rangi wala harufu. Nikamwambia, "Shangazi, hii mtoto akiamka usiku na kiu…" Hakuniacha nimalize. "Mwanangu umenitisha sasa, nipe hayo madude yako." Siku hizi anayo madumu mazito yenye lebo, fuvu nimelichora mwenyewe, yanakaa kwenye kabati lenye kufuli na ufunguo anautia kwenye pindo la khanga. Miwani amekubali, tena anaipenda, anasema majirani wanamwita daktari. Sufuria ya alumini alishaiacha zamani baada ya kuiona imetoboka. Glavu ndio hataki, anasema mwiko unamteleza, na hapo kila nikienda tunabishana.